Kutoka Mwenge hadi Msata kwa kupokezana: mwongozo wa kuandaa timu ya mbio za hisani

Alfajiri ya Jumamosi na Jumapili, barabara nyingi za Dar es Salaam ni mali ya klabu za jogging. Filimbi inalia, fulana ni za rangi moja, mtu mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Watu hawa wana pumzi, wanajuana kwa majina na wamezoea kuchangiana kwenye misiba na shughuli. Mbio za hisani nazo si jambo geni tena: CRDB Marathon imechangia matibabu ya moyo ya watoto, na NBC Dodoma Marathon imechangia vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Lakini huko kila mtu anakimbia mbio zake mwenyewe. Mwongozo huu ni wa mbio za aina nyingine: watu wanane, njia moja ndefu kutoka Mwenge jijini Dar es Salaam hadi Msata mkoani Pwani, mmoja akimaliza kipande chake anampokeza mwenzake, mpaka wafike.

Jambo moja lishikeni tangu mwanzo. Katika mbio hizi, muda mwingi mtu hakimbii, anasubiri. Anakimbia kama nusu saa, anakaa saa tatu, halafu anaambiwa ainuke akimbie tena na miguu imeshapoa. Timu nyingi hujiandaa kukimbia na hazijiandai kusubiri, na huko kwenye kusubiri ndiko zinakovunjikia. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini umetokana na hilo.

Hatua ya 1: Chagueni jambo moja na mjue bei yake

"Tunasaidia watoto wenye uhitaji" haimgusi mchangiaji, kwa sababu haimwonyeshi kitu. Tafuteni jambo lenye kuhesabika.

Mfano ninaoupenda ni wa watoto wanaozaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani. Tiba yake inajulikana: mguu unanyooshwa kidogo kidogo kwa mkono, unafungwa plasta, na plasta inabadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fito, mwanzoni karibu saa zote, baadaye usiku tu, mpaka anapofika umri wa miaka minne hivi. CCBRT pale Msasani ni moja ya hospitali zinazotoa huduma hii. Sasa mfikirie mama anayetoka Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, na mtoto wa mwezi mmoja mgongoni, anayetakiwa kurudi kliniki kila wiki. Nauli peke yake inaweza kumkatisha tiba katikati, na tiba ikikatika unyayo hurudi kupinda.

Kwa hiyo nendeni hospitalini kabla hamjachapisha hata fulana moja. Ombeni kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii, muulize pengo liko wapi: nauli, viatu, malazi ya mama, au kitu ambacho hamkukifikiria kabisa. Ombeni jibu kwa maandishi. Mkishajua nauli ya kwenda na kurudi, mnaweza kumwambia mchangiaji mchango wake unambeba mtoto gani, kutoka wapi, mara ngapi. Kama jambo lenu ni madawati, choo cha shule au kisima, utaratibu ni huo huo.

Kuhusu fedha sina ulegevu, na nyinyi msiwe nao. Mafuta ya gari, maji, chakula na malazi lipeni wenyewe wakimbiaji, au mtafute mfadhili anayejua waziwazi kwamba analipia safari. Shilingi ya mchangiaji isiguse hata chupa ya maji. Mweka hazina asiwe nahodha wa timu. Tumieni akaunti ya benki yenye saini mbili au lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la klabu, na michango isipitie kwenye namba ya simu ya mtu binafsi hata kama mtu huyo ni mwaminifu kuliko wote. Kila Ijumaa mweka hazina atume kwenye grupu la WhatsApp jumla iliyoingia, hata wiki ambayo hakuna kilichoingia.

Njia nzuri ya kuchangisha ni ahadi kwa kilomita. Njia ninayoipendekeza hapa ina kama kilomita 124, hivyo anayeahidi shilingi 500 kwa kilomita atatoa 62,000. Lakini ahadi ikusanywe kabla ya mbio. Fanyeni kama kamati ya harusi inavyofanya: daftari la ahadi, mtu wa kukumbusha kwa heshima, na tarehe ya mwisho inayojulikana na kila mtu.

Hatua ya 2: Njia na msimu

Watu wengi wakiwaza mbio ndefu kutoka Dar wanawaza Morogoro. Nawasihi muiache. Barabara ya Morogoro inabeba malori ya kwenda Zambia na Kongo pamoja na mabasi ya mikoa mingi, na mkimbiaji aliyechoka hapaswi kugombania pembezoni mwa lami na tela.

Njia bora ni hii, kwa siku mbili:

Siku ya kwanza, Jumamosi: Mwenge hadi Bagamoyo, kama kilomita 60, kwa kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo.
Siku ya pili, Jumapili: Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64 za lami, kwa kuvuka mto Ruvu, Fukayosi na Kiwangwa.

Kuna watakaosema timu imara inaweza kumaliza yote kwa mkupuo mmoja. Inaweza, lakini itabidi ikimbie jua la saa saba mchana au giza la usiku mzima, na yote mawili ni hatari isiyo na faida kwa mtoto yeyote. Hata Hakone Ekiden, mbio maarufu za kupokezana za vyuo vikuu vya Japani ambazo zimekuwapo tangu 1920, hukimbiwa kwa siku mbili, na wale ni vijana walioiva kwa mazoezi.

Msimu mzuri ni kipupwe, kati ya mwisho wa Juni na Agosti. Julai usiku wa pwani hushuka hadi karibu nyuzi 19 au 20, na mchana hauzidi sana 29. Machi hadi Mei ni masika, na bonde la Ruvu hufurika. Kuanzia Desemba hadi Februari joto na unyevu havimpi mkimbiaji nafasi ya kupoa hata alfajiri. Kuna jambo la ziada kuhusu Julai: upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki, na nyinyi mnaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo unawasukuma mgongoni. Inafurahisha, ila muwe waangalifu. Upepo wa mgongoni haukaushi jasho usoni na kifuani, hivyo mwili hupata joto haraka kuliko mnavyohisi.

Mwenzenu anayetoka Arusha, Mbeya au Ulaya kuja kukimbia nanyi aje mapema. Mwili unahitaji kama siku 10 hadi 14 za kukimbia kwenye joto ili uzoee kutoa jasho vizuri.

Hatua ya 3: Watu na kazi zao

Wakimbiaji wanane wanatosha, na wawili wa akiba waliofanya mazoezi sawasawa na wengine. Usiweke mtu kwenye akiba kwa sababu tu ni rafiki wa kila mtu. Mtahitaji magari mawili, Noah au Hiace, na madereva wawili ambao hawakimbii. Hilo la madereva msilipinde. Mtu aliyekimbia, akala, akakaa kivulini, atasinzia kwenye usukani.

Nahodha anaamua njiani, na akishaamua mjadala umekwisha mpaka jioni. Mwenye saa anaandika kwenye daftari muda wa kila makabidhiano, kwa kalamu, kwa sababu simu huisha chaji. Mhudumu wa huduma ya kwanza awe mtu mwenye mafunzo ya kweli. Kama klabu yenu ina nesi au tabibu, mwombeni asikimbie mwaka huu, abaki garini.

Kila mkimbiaji aandike kwenye karatasi jina la ndugu wa kupigiwa simu, aina ya bima, dawa anazotumia, na kama ana pumu, presha, kisukari, kifafa au selimundu. Karatasi zikae kwa mhudumu, kwenye bahasha. Nahodha akiongoza kwa kusema yake mbele ya wote, wengine huona wepesi kusema. Aliyeficha pumu kwa aibu ndiye mtakayehangaika naye pale Fukayosi.

Hatua ya 4: Vibali na usalama barabarani

Anzeni miezi mitatu kabla. Afisa michezo wa halmashauri ndiye mlango wa kwanza. Atawaambia kama mpango wenu unahesabika kuwa mashindano, kwa maana mkialika umma na kutoza kiingilio mnaingia kwenye utaratibu wa Riadha Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa. Polisi wa usalama barabarani wapeni barua yenye ramani, saa na idadi ya watu, kwa kila wilaya mtakayopita. Ulizeni pia ofisi ya mkuu wa wilaya kuhusu kibali cha kuchangisha. Kila barua iwe na nakala yenye mhuri, na nakala zikae kwenye magari yote mawili.

Barabarani, mkimbiaji akimbie upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Sisi huendesha kushoto, na anayekimbia kushoto hajui kinachokuja nyuma yake. Bodaboda hata hivyo hupita pembezoni pande zote, kwa hiyo masikio yawe wazi: hakuna kuvaa spika za masikioni, hata moja.

Gari lisitambae nyuma ya mkimbiaji kwa mwendo wa kinyonga. Ndiyo picha nzuri ya video, lakini magari yanayokuja kasi hulazimika kulipita ghafla, na ajali huanzia hapo. Gari litangulie kilomita mbili, liegeshwe nje kabisa ya lami, limsubiri, kisha litangulie tena. Kabla ya jua kuchomoza wakimbie wawili wawili, na kizibao cha rifleta na tochi ya kichwani. Mwenzi wa gizani anaweza kuwa mtu wa akiba.

Hatua ya 5: Mazoezi ya wiki 12

Wiki nne za mwanzo ni za kujenga mazoea. Siku tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 40, kwa mwendo unaomruhusu mtu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Mwenye haraka katika wiki hizi atakuwa na maumivu ya ugoko wiki ya sita.

Kuanzia wiki ya tano ingizeni zoezi ambalo ndilo moyo wa maandalizi yote: vipande viwili. Jumamosi saa 12 asubuhi kimbieni kilomita nne. Kaeni pamoja kwa muda wa saa tatu kamili, mle, mnywe, mjinyooshe, msilale. Saa tatu na nusu hivi, jua likiwa limeshapanda, inukeni mkimbie nne nyingine. Mara ya kwanza mtashangaa jinsi miguu inavyokataa. Kinachotokea ni kwamba misuli imepoa na kukaza, tumbo lina kazi ya kusaga, na akili ilishajiambia kazi imekwisha. Wiki chache baadaye mwili hujifunza, na dakika tano za mwanzo zinaacha kuwa adhabu.

Kuanzia wiki ya tisa vipande viwili vya Jumamosi vifuatwe na viwili vya Jumapili, maana hivyo ndivyo itakavyokuwa. Wiki ya kumi fanyeni jaribio kamili kati ya Bunju na Zinga: magari yote mawili, madereva wale wale, chakula kile kile, daftari na mkanda wa kupokezana (ulioelezwa kwenye Hatua ya 7). Jaribio hilo litawaonyesha mambo madogo ambayo kikao hakiwezi kuyaona, kama vile mlango wa gari unaokwama, au kwamba hakuna aliyejua nani amebeba chumvi. Wiki ya 12 punguzeni mbio kwa nusu na mlale vya kutosha.

Wale walio na mazoea ya kukimbia na kundi na nyimbo wajizoeshe pia kukimbia peke yao. Njia ya kutoka Ruvu kuelekea Kiwangwa ina sehemu za kimya, na si kila mtu anauweza ukimya ule siku ya kwanza anapokutana nao.

Hatua ya 6: Kupanga vipande

Kila siku igaweni vipande 16 vya kilomita nne hivi, kila mtu apate viwili. Gari la kwanza libebe wakimbiaji wa kipande cha 1 hadi 4, gari la pili wa 5 hadi 8, kisha zamu irudi kwa gari la kwanza. Gari moja likiwa kazini, lingine linatangulia, linapumzika na kula.

Hesabu ya muda ifanyeni kwa kasi ya kipande cha pili. Kila mtu ana kasi anayoisema na kasi aliyonayo baada ya kukaa saa tatu, na ya pili ndiyo ya kweli. Chukueni muda aliopata kwenye kipande cha pili cha mazoezi, mwongezee kidogo kwa ajili ya jua. Tuseme wastani wenu ni dakika sita na nusu kwa kilomita. Mkianza Mwenge saa 10 na nusu alfajiri, kilomita 60 zitawafikisha Bagamoyo karibu saa tano asubuhi. Jumapili, kwa kuwa njia ya kutokea Bagamoyo ina giza kuliko ya mjini, anzeni saa 11. Mtafika Msata kabla ya saa sita.

Nani akimbie wapi? Vipande vya mwanzo vya Jumamosi, Mwenge hadi Tegeta, wapeni watulivu wanaoujua mji, kwa sababu kuna makutano na daladala za kwanza. Vipande vya mwisho, jua la saa nne na saa tano, wapeni waliothibitisha kwenye mazoezi kwamba wanalimudu joto. Si lazima wawe wenye kasi zaidi. Siku ya pili geuzeni magari: la pili lianze, ili watu wale wale wasiangukiwe na jua siku zote mbili. Baada ya bonde la Ruvu ardhi inapanda taratibu kuelekea bara. Hapo anafaa mtu mwenye mwendo mfupi na subira.

Mpango uandikwe kwenye karatasi moja, uwekwe kwenye mfuko wa nailoni, ubandikwe ndani ya kila gari. Kubalianeni mapema pia juu ya jambo gumu: mtu akishindwa katikati, aliyepangwa baada yake anaanzia pale pale aliposimama, bila swali na bila lawama.

Hatua ya 7: Viatu, nguo na mkanda

Viatu vya mitumba vya soko la Karume vinafaa kabisa ukijua kuvichagua. Viweke kimoja kimoja juu ya meza iliyo sawa na uvitazame kwa nyuma: kama kisigino kimeegemea upande, kiache, kitaupindisha mguu wako kama kilivyopindishwa na mwenye nacho wa kwanza. Bonyeza kwa dole gumba ile sifongo iliyo kati ya soli na kitambaa. Ikibonyea na kurudi, ni nzima. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi pembeni, imekufa, hata kama kitambaa kinang'aa. Kunja kiatu: kipinde sehemu ya vidole, si katikati ya unyayo. Usije na kiatu kipya siku ya mbio.

Chukueni fulana na soksi kwa kila kipande, yaani seti nne kwa mtu. Mafuta ya mgando yapakwe mapajani, kwapani, kwenye chuchu na chini ya mistari ya sidiria. Dada anayekimbia na hijabu afanye mazoezi yote kwa kitambaa kile kile atakachovaa siku yenyewe, chepesi, kisichoshika maji. Suala la choo lisiachwe kwa wanawake kulihangaikia peke yao. Wiki ya kumi pitieni njia mkaombe ruhusa kwenye vituo vya mafuta, shule na misikiti, muweke alama kwenye karatasi ya njia.

Cha kupokezana kisiwe kijiti. Kijiti ni cha uwanjani. Mkono wenye jasho hukidondosha, na kukibeba kilomita nne hukaza bega. Wajapani huvaa mkanda wa kitambaa begani, na sisi tunao uzuri wetu: kateni kanga kipande chenye upana wa vidole vinne, kiwe duara la kuvaa begani hadi kiunoni, mshone mara mbili. Anayekaribia kituo auvue akiwa mita mia kabla, aunyooshe kwa mikono miwili. Anayepokea asimame mbele ya gari, si nyuma yake, akimtazama mwenzake, apokee kwa mkono wa kulia na auvae huku ameshaanza kukimbia. Mwenye saa anaita muda, anaandika. Mwenge wa Uhuru hukabidhiwa wilaya kwa wilaya kwa heshima na utaratibu. Wapeni wenzenu heshima hiyo hiyo, mtajeni jina anapoingia.

Hatua ya 8: Saa tatu za kusubiri

Ukishakabidhi mkanda, usikae chini. Tembea dakika tano. Vua fulana iliyolowa, jifute, vaa kavu. Kijasho kikikupoa mwilini ndani ya gari lenye kiyoyozi, misuli itakaza. Kunywa kidogo kidogo. Ndani ya nusu saa kula kitu laini chenye wanga: ndizi mbivu mbili, au kiazi kitamu, au uji mwepesi wenye sukari. Kisha mkeka chini ya mwembe, miguu juu ya begi, dakika 40 za utulivu. Simu weka mbali. Kila baada ya dakika 45 inuka utembee kidogo.

Nusu saa kabla ya zamu yako acha kula. Tende mbili tatu zinatosha. Dakika 12 kabla anza kujiandaa: tembea haraka, kimbia polepole, rusha miguu mbele na nyuma, kwa upole. Dereva akuite kwa jina, "Mama Zuhura, dakika kumi na mbili," na uitikie. Kama huitikii kwa sauti iliyo sawa, mhudumu aje kukutazama.

Maharage, chipsi mayai, maziwa na nyama choma viachwe mpaka jioni. Mananasi ya Kiwangwa ni matamu na mtayaona yamepangwa kando ya barabara, lakini asidi yake haipatani na tumbo linalorushwarushwa. Nunueni, mkayale Msata.

Kwa maji, ongozwa na kiu. Wakati wa mazoezi jipime uzito kabla na baada ya kukimbia: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na hapo utajua mwili wako unadai nini. Maji matupu kupita kiasi nayo ni hatari, kwani hupunguza chumvi kwenye damu, mtu akavimba vidole, akaumwa kichwa, akachanganyikiwa. Bebeni ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja.

Asije mtu akameza diklofenaki au ibuprofeni ili "asisikie maumivu". Mwili uliopungukiwa maji na dawa hizo kwa pamoja huumiza figo. Maumivu yanayohitaji dawa ni maumivu ya kumkabidhi mwenzako mkanda.

Hatua ya 9: Mtu akizidiwa

Dalili ya kuogopa kuliko zote ni kuchanganyikiwa. Anayeyumba, anayejibu visivyo, anayekasirika bila sababu au anayesahau anakoelekea huenda amepigwa na joto, na joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40 ubongo uko hatarini. Mpoozeni kwanza, hospitali ifuate. Mlazeni kivulini, mvueni, mmwagieni maji mwili mzima bila kukoma, mpepeeni, mwekeni barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kwa hiyo kila gari liwe na ndoo, lita 20 za maji ambayo si ya kunywa, na boksi la barafu. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo iko katikati ya njia yenu. Dereva wa kila gari awe ameshafika langoni kwake siku ya jaribio.

Maumivu ya kifua, kuzimia, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi: mtu huyo amemaliza mbio zake. Nahodha ana haki ya kusimamisha mbio nzima, na wachangiaji waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, ili asijekuwapo mtu anayekimbia akiwa mgonjwa kwa kuogopa kwamba ahadi zitarudishwa. Kilomita zilizobaki zinaweza kumaliziwa wiki inayofuata.

Hatua ya 10: Baada ya Msata

Lala Jumapili, pumzika Jumatatu, na Jumanne tembea. Usikimbie kwa wiki nzima.

Mweka hazina ndiye ana kazi bado. Fedha zilipwe moja kwa moja kunakohusika, kwa akaunti ya taasisi au namba ya malipo ya serikali kama ni hospitali ya umma, na kamwe isiwe bahasha ya noti mbele ya kamera. Ombeni risiti kwa jina la klabu. Ndani ya siku 14 kila mchangiaji apate ujumbe wenye jumla iliyokusanywa, jumla iliyolipwa, picha ya risiti, na ahadi ambazo bado hazijatimizwa, bila kutaja majina ya wanaodaiwa. Picha za watoto wagonjwa msizitumie, hata mama akikubali kwa shukrani. Miezi mitatu baadaye rudini ustawi wa jamii mkaulize ni watoto wangapi wamemaliza plasta, mkawatumie wachangiaji idadi hiyo pia, hata kama ni ndogo kuliko mlivyotarajia.